Je, Tulikuwa Afadhali Zamani?

Hotuba ya wakili kwa waumini na watetezi wa mageuzi, katika ukumbi wa kanisa, Nairobi

Swali mlilotupa ni fupi, nalo huulizwa kila mahali siku hizi, ndani ya matatu, kwenye foleni ya hospitali, na hata hapo nje baada ya ibada. Je, maisha ya leo ni bora kuliko yale ya miaka thelathini au arobaini iliyopita? Wengi wanaouliza wanalo jibu lao tayari. Husema, heri enzi za Mzee Moi. Watoto walikunywa maziwa shuleni bila kulipa. Shilingi ilikuwa shilingi. Aliyemaliza chuo kikuu alipata kazi kabla hajalivua joho.

Hatukuja kuwacheka wanaosema hivyo. Maziwa yalikuwako, sisi tulio katika miaka ya arobaini tuliyanywa wenyewe, katika zile pakiti za pembe tatu, na tuliyapenda. Lakini ninyi ni watu wa Biblia, nanyi mwaijua habari ya wana wa Israeli kule jangwani, katika kitabu cha Hesabu, walipolia wakikumbuka samaki na matango na vitunguu vya Misri. Hawakusema uongo. Samaki walikuwako. Walichosahau ni matofali waliyofyatua chini ya fimbo za wanyapara.

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya matofali. Hata hivyo haki yataka tuanze na chakula, maana hakuna mwenye njaa anayepaswa kuhubiriwa habari za Katiba kabla hajasikilizwa.

Kuna mambo yasiyo na ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 41. Hao ni watoto wanaoishi, wanaobatizwa, wanaopelekwa shule. Ugonjwa wa Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, uliwazika walimu, wauguzi na makasisi wetu katika miaka ile ile ambayo wengine huiita miaka mizuri. Leo anayemeza dawa zake huishi akalea wajukuu. Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila malipo, na mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret ili aweze kuisoma Biblia mwenyewe. Na yule anayesema shilingi ilikuwa shilingi amesahau mwaka 1993, baada ya kashfa ya Goldenberg, ambapo bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika mwaka mmoja.

Kwa upande wa pili, deni la taifa lilipita shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na kila mzazi aliyemo humu anaye kijana mwenye cheti ambaye analala nyumbani mchana. Kwa hiyo ukipima kwa sufuria, mizani hupanda na kushuka. Familia mbili za ploti moja zaweza kujibu swali hili kwa namna mbili zinazopingana, na zote mbili zikawa zimesema kweli.

Sisi ni mawakili, na kila fundi hupima kwa kipimo cha kazi yake. Chetu ni hiki: mtu akichukuliwa nyumbani kwake usiku, mama yake aweza kufanya nini kabla ya jua kuchwa siku ya pili?

Tumchukue mama wa mwaka 1987. Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma ilimpa Waziri uwezo wa kumweka mtu kizuizini, pasipo kesi na pasipo tarehe ya kutoka, kwa sahihi yake tu. Sheria hiyo haikuanza na Rais Moi. Ilitumiwa dhidi ya Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1969, na ikatumiwa tena dhidi ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwisho wa mwaka 1977, wakati Mzee Kenyatta angali hai. Hilo twalisema kwa sababu wapo wanaotaka kumtwika mtu mmoja mzigo wa watu wengi. Juni 1982 Bunge likatia Kifungu cha 2A katika Katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Agosti wakaja wanajeshi wa anga na jaribio lao la kupindua serikali, na baada yake mwenye neno alilimeza. Kufikia 1986 msako wa Mwakenya ulikuwa umepamba moto. Watu walifichwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, hapa katikati ya jiji, hatua chache kutoka kituo cha mabasi, wakasimamishwa ndani ya maji siku baada ya siku. Wengine walifikishwa kortini jioni, makarani wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, bila wakili, wakakiri, wakafungwa kabla ya giza kuingia.

Mama yule angeenda kituo cha polisi cha kwanza akaambiwa hayuko. Cha pili, hayuko. Chifu angemkwepa. Tuseme amempata wakili jasiri. Wakili jasiri wa wakati huo alikuwa Gibson Kamau Kuria, na Februari 1987, alipoiarifu serikali kwamba angeishtaki kwa niaba ya waliokuwa kizuizini, yeye mwenyewe akawekwa kizuizini hadi Desemba.

Tuseme basi wakili mwingine ameithubutia kesi na kufika mbele ya jaji. Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, maana ni jambo la kisheria ambalo halisimuliwi vya kutosha. Katiba ya zamani ilikuwa na sura nzima ya haki za kimsingi. Ilikuwa pia na kifungu cha 84, kilichosema kwamba aliyevunjiwa haki hizo aweza kwenda Mahakama Kuu, na kwamba Jaji Mkuu ataweka kanuni za namna ya kwenda. Miaka ikapita, kanuni hazikuwekwa. Mwaka 1989, katika kesi ya Maina Mbacha, Mahakama Kuu ikaamua kwamba kwa kuwa kanuni hazipo, kifungu chenyewe kimekufa. Jaji akakilinganisha na ndege aliyetoweka duniani. Yaani haki zote za Mkenya, zilizoandikwa kwa wino na kupitishwa na Bunge, zikafungiwa nje kwa sababu ofisi moja haikuandika karatasi chache za utaratibu. Mwaka huo huo Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Akaambiwa kwamba jambo hilo halimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, hivyo hana haki ya kushtaki. Jengo halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia. Ni kelele zake.

Kumbukeni pia kwamba mwaka 1988 Katiba ilibadilishwa ili mshukiwa wa kosa la kunyongwa akae mikononi mwa polisi siku 14 badala ya saa 24, na ili majaji waweze kufutwa kazi kwa urahisi. Huo ulikuwa mwaka wa mlolongo, ambapo mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi mbele ya macho ya watu waliopanga mstari mrefu. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipoyaandika hayo, lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Basi jibu la mama wa 1987 ni kwamba hakuwa na mlango wa kubisha. Ndiyo maana akina mama wa wafungwa wa kisiasa, mnamo Februari 1992, hawakwenda kortini. Walikwenda kuketi katika Uhuru Park, mahali palipoitwa baadaye Freedom Corner. Tarehe 3 Machi polisi wakawapiga marungu na kuwarushia gesi, Profesa Maathai akalazwa hospitalini, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa wana wao. Kila Mwafrika aliyemo humu ajua maana ya tendo lile. Kanisa la All Saints likawafungulia, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wana wao wengi walipotoka.

Tusije tukafanya mzaha na yaliyowagharimu. Anayesema heri zamani, na amtafute mmoja wa akina mama hao, kama yungali hai, amwambie hivyo usoni.

Wapo watakaosema, lakini vyama vingi vilileta damu. Ni kweli damu ilimwagika. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, na kuanzia mwaka huo huo vijiji vya Bonde la Ufa viliteketezwa, mamia ya maelfu wakafukuzwa katika mashamba yao. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki alisema wazi akiwa Nakuru kwamba jambo hilo lilikuwa na wenyewe, na kamati ya Bunge iliyochunguza mwaka 1992 iliwataja wanasiasa kwa majina. Baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona tena, zaidi ya watu 1,100 wakafa, wengine ndani ya kanisa kule Kiambaa. Sisi hatukubali kwamba damu hiyo ni ya vyama. Ni ya watu waliotaka kubaki madarakani, au kuingia, kwa gharama ya wengine. Lakini hatutadai kwamba mageuzi yalikuja yakiwa na mikono safi pande zote.

Sasa twende kwa mama wa siku hizi.

Mwaka 1997, baada ya maandamano ya mwaka mzima na baada ya polisi kuwafuata waandamanaji na kuwapiga ndani ya kanisa lile lile la All Saints tarehe 7 Julai, Bunge lilifuta uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi, likafuta sheria ya uchochezi, na likaondoa leseni ya Mkuu wa Wilaya ya kufanya mkutano. Agosti 27, 2010, ikaja Katiba mpya. Kifungu cha 49 chadai kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili wake, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata endapo saa hizo zaisha korti ikiwa imefungwa. Kifungu cha 22 chasema mtu yeyote aweza kushtaki kwa niaba ya mwingine, au kwa ajili ya umma, wala asitozwe ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Kifungu cha 25 chaitaja amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya jaji, ile tuiitayo habeas corpus, miongoni mwa haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Na zile kanuni? Willy Mutunga alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipowekwa kizuizini bila kesi mwaka 1982. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Mwaka 2013 aliweka kanuni zake, na ndani yake akaandika kwamba mahakama yaweza kupokea ombi la haki kwa barua ya kawaida, au hata kwa mdomo. Mama asiyejua kusoma aweza kusimama na kusema, mwanangu amechukuliwa, na hilo likawa mwanzo wa kesi. Wanafunzi wa sheria hukariri nambari za kanuni hizo. Twatamani wakumbuke pia kwamba mwandishi wake alijua mlango wa seli ulivyo upande wa ndani.

Kama mambo yangekoma hapo, tungewajibu kwa neno moja, tukanywa chai, tukaenda zetu.

Juni 2024 vijana waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha. Wengi wao walizaliwa baada ya 1997. Hawajawahi kukariri kiapo cha utii kwenye gwaride la shule, wala kuulizwa kadi ya KANU wakienda sokoni, na baadhi ya wazee huwaita kwa sababu hiyo watoto wasio na adabu. Sisi twadhani ni kizazi cha kwanza kilichoisoma Katiba kikaamini kwamba iliandikwa kwa ajili yake. Makumi yao waliuawa. Kisha ukaanza utekaji. Desemba ya mwaka huo Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilisema imehesabu visa 82 tangu Juni, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko.

Liangalieni jambo hili vizuri. Mtu wa kizuizini wa mwaka 1982 jina lake lilichapwa katika Gazeti la Serikali. Ilikuwa dhuluma, lakini ilikuwa na sahihi, na familia ilijua angalau kwamba serikali imekiri kuwa naye. Aliyetekwa mwaka 2024 alichukuliwa na watu waliofunika nyuso, ndani ya gari ambalo nambari zake hazikuwa zake, na kila kituo kikasema hakimjui. Sheria ilipomnyima mtawala uwezo wa kufanya jambo mchana, jambo likahamia gizani. Katika hilo mama wa 2024 amerudishwa Nyayo House, mahali pasipo karatasi.

Lakini tazameni yaliyofuata pia. Agosti 2024 watu watatu walichukuliwa Kitengela. Mawakili wakaenda Mahakama Kuu. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aliitwa mara saba, hakufika. Septemba, Jaji Lawrence Mugambi akampata na hatia ya kudharau mahakama, akamhukumu kifungo cha miezi sita. Haikupita juma moja kabla ya wale watatu kutupwa barabarani wakiwa hai. Kaimu mkuu wa polisi akafika mbele ya jaji, akaomba radhi, hukumu ikaondolewa. Wengine kati yenu walikasirika kwamba hakukaa jela hata siku moja. Twaielewa hasira hiyo. Hata hivyo twawauliza wazee: mwaka 1987 ni jaji yupi angethubutu kuandika hukumu ile, na angeamka kesho yake akiwa na kazi?

Wala si kesi moja tu. Waziri Robert Ouko aliuawa mwaka 1990, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Wakili mwenzetu Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao, walipokuwa wakitoka kortini. Ilichukua miaka sita, lakini Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na mpashaji habari wao walipatikana na hatia. Juni 2025 kijana mwalimu alikufa ndani ya kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Daktari wa serikali akaupasua mwili na kueleza hadharani kwamba majeraha hayakulingana na hadithi hiyo, na maafisa wakashtakiwa kwa mauaji.

Kwa hiyo jibu letu kwenu ni kwamba tuko afadhali, na hatusemi hivyo kwa furaha. Tuko afadhali kwa kiasi kile ambacho mama ana mlango wa kubisha na kuna mtu ndani. Mlango huo haukuletwa na kupita kwa miaka. Lakini waweza kuzibwa tena, na wala si lazima Bunge libadilishe neno. Mwaka 1989 kifungu cha 84 kiliuawa kwa ukosefu wa kanuni. Amri ya mahakama inayopuuzwa mara saba, kisha kumi, kisha mara zote, itakiua Kifungu cha 49 kwa utulivu uleule, na mara hii hatutakuwa na jaji wa kumnyoshea kidole.

Tumeombwa tumalizie kwa yale ya kutenda, nayo ni machache. Mtu akichukuliwa, andikeni saa, mahali, rangi ya gari na nambari yake hata kama mnashuku ni ya uongo, na majina ya walioona. Nendeni kituo kilicho karibu usiku uleule, si asubuhi, mkaripoti, na msiondoke bila nambari ya OB. Afisa akikataa kuandika, andikeni jina lake au nambari iliyo begani mwake. Mpigieni wakili kabla ya kumpigia mwanasiasa. Piga ripoti pia kwa IPOA, mamlaka inayochunguza makosa ya polisi. Mchungaji au padri akiweza kwenda nanyi kituoni, aende akiwa amevaa kola yake, maana tumeona mara nyingi jinsi sauti ya mezani inavyobadilika. Ombi la kumleta mtu mahakamani laweza kuandikwa katika muda wa saa mbili na kupelekwa korti ifunguapo, na kila saa inayopotea humsaidia aliyemshika.

Kwa kazi hiyo pamewekwa daftari kwenye meza ile iliyo karibu na mlango. Wanaotaka kushika zamu ya kupokea simu za usiku waandike jina, mtaa na nambari ya simu kabla ya kuondoka. Mawakili wameshajaza sehemu yao. Tunahitaji zaidi watu wenye gari au pikipiki, na mama au baba asiyeogopa kukaa kwenye benchi la kituo hadi alfajiri. Tulipolitazama kabla ya kuanza, zamu ya Jumamosi usiku ilikuwa haina mtu.